Jinsi ya kufuatilia kitenzi "sema" kwenye magazeti ya zamani ya Kiswahili

Watu wengi wakitaka kuangalia Kiswahili cha magazeti ya zamani wanakimbilia maneno magumu, yale ambayo siku hizi hayatumiki, wanayakusanya, wanayashangaa, basi inaishia hapo. Mi nashauri ufanye kinyume. Chukua kitenzi cha kila siku kabisa, ambacho hakuna anayekitilia maanani, ukifuate gazeti kwa gazeti na mwaka kwa mwaka. Na kwa upande wa habari sioni kitenzi kinachobeba mzigo kama sema, maana ukiangalia vizuri habari nyingi ni mtu fulani kasema kitu fulani. Ukijua nani kapewa nafasi ya kusema, kasema kwa kiambishi gani, na baada ya hiyo sema kumefuata nini, unaanza kuona mwandishi alikuwa karibu kiasi gani na msemaji na gazeti lenyewe lilikuwa linamsikiliza nani.

Hii kazi mwanafunzi anaiweza, mtu wa kamusi anaiweza, mfasiri, mwandishi wa habari, yeyote mwenye subira na daftari. Twende.

1. Chagua magazeti kwanza, usianze na kusachi

Kosa linaloua kazi nyingi za namna hii ni kuchanganya kila kitu kwenye kapu moja. Gazeti la misheni halisemi kama gazeti la serikali ya kikoloni, na gazeti la chama halisemi kama la mtu binafsi. Kwa hiyo tenga makundi kabla hujagusa chochote.

Kuna ya zamani kabisa, kama Msimulizi lililoanza Zanzibar mwaka 1888 chini ya UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, na Kiongozi lililokuwa likitoka Tanga enzi za Wajerumani. Afu Mambo Leo, lililoanza 1923 kama gazeti la kila mwezi la Idara ya Elimu ya Tanganyika, hili ni hazina kwelikweli maana lilitoka miaka mingi na lilikuwa na barua, mashairi, habari za wilayani, kila kitu. Kwetu la Erica Fiah lilianza Dar es Salaam 1937 na ni sauti tofauti kabisa na ya serikali. Kenya kuna Baraza lililoanza 1939, na baadaye likaja gazeti jingine, Taifa Leo. Tanganyika ya kuelekea uhuru ina Ngurumo, kisha Uhuru la TANU. Miaka ya 1990, baada ya vyama vingi kurudi, magazeti binafsi yanamwagika.

Huwezi kuyasoma yote. Chukua mawili au matatu yanayopishana kwa tabia, halafu chagua miaka yenye nafasi katikati yake, mfano 1925, 1945, 1965, 1985, na kwa kila mwaka chukua matoleo ya miezi ileile. Ukilinganisha toleo la mwezi wa uchaguzi na toleo la mwezi wa kawaida utakuta "alisema" zimejaa upande mmoja, na hiyo itakuwa ni kampeni tu, lugha haijabadilika.

Kuhusu wapi pa kuyapata: chumba cha East Africana pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa za Tanzania, za Zanzibar, na za Kenya pale Nairobi. Kama unataka maandishi yaliyokwisha kuingizwa kwenye kompyuta kuna mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, ulioanzishwa na mtaalamu wa lugha Arvi Hurskainen, toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25 na sehemu kubwa ni habari. Ila magazeti yake ni ya karibuni sana kuliko Mambo Leo, kwa hiyo huo utumie kwa miaka ya mwisho ya safari yako, sio ya mwanzo.

2. Sachi shina kwa akili

Kitenzi cha Kiswahili kinavaa mbele na nyuma, kwa hiyo ukiandika "alisema" peke yake utakosa zaidi ya unachopata. Na ukiandika "sem" tu ukadhani umemaliza, utaletewa Desemba zote za gazeti zima, na kwenye magazeti Desemba ni nyingi mno, pamoja na semina, sembe na misemo.

Fanya hivi, sachi mara nne. Ya kwanza "sema", hii inakuletea alisema, akasema, anasema, asema, hakusema, asemaye, asemavyo, msemaji, na Desemba haingii kwa sababu baada ya m pale kuna b. Ya pili "seme", hapa unapata aseme, waseme, semea, semekana, semesha, semezana. Ya tatu "semi", kwa ajili ya hasemi na hawasemi, hapa semina na usemi zitaingia ila unazifuta kwa macho. Ya nne "semw", kwa ajili ya yamesemwa, ilisemwa, yasemwayo.

Kama kurasa zimeskaniwa na kompyuta ndo imesoma maandishi, ongeza ya tano: "serna". Wino wa zamani ukififia mashine inaona m kama r na n zimeshikana, na utashangaa zitakazoibuka. Halafu kuna maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari, safu za gazeti ni nyembamba kwa hiyo "alise-" iko juu na "ma" iko chini. Hizo sachi "se-" yenye kistari. Najua inachosha, ila ukiziruka unaruka hasa sentensi ndefu.

Kama unasoma karatasi yenyewe au filamu ya kurasa zilizopigwa picha, hakuna sachi, ni jicho tu. Hapo jiwekee kurasa maalum, tuseme ukurasa wa kwanza na ukurasa wa barua, usome kila mstari wake. Usipitepite ukiokota zinazokuvutia, maana utaokota za ajabu tu ukaacha za kawaida, na za kawaida ndo tunazozitaka.

3. Andaa jedwali lako

Fungua Excel au chora mistari kwenye daftari. Weka gazeti, tarehe, ukurasa, aina ya andiko, sentensi nzima, umbo la kitenzi, nani kasema, cheo chake, na kilichofuata baada ya kitenzi. Sentensi nzima tafadhali, sio maneno matatu, kwa sababu miezi baadaye utarudi na swali jipya na maneno matatu hayatakujibu.

Hiyo safu ya aina ya andiko usiidharau. Habari, barua ya msomaji, tangazo, shairi na hadithi vinatumia sema kwa njia zisizofanana. Shairi hasa. Mtunzi akiandika "nasema" badala ya "ninasema" inawezekana kabisa anahesabu mizani zake zitimie, na mashairi yanaipenda pia "nena", kwa hiyo ukichanganya ukurasa wa mashairi na ukurasa wa habari utasema gazeti lilikuwa linatumia "nena" kumbe ni malenga ndo walikuwa wanaitumia.

4. Anza na kiambishi cha nafsi, hapo ndo pana utajiri

Hii hatua naipenda kuliko zote na naomba uipe muda.

Kwenye Kiswahili mtu akisema ni "a", lakini taasisi ikisema inavaa ngeli yake, kwa hiyo kiambishi peke yake kinakuelekeza kwa msemaji kabla hata hujasoma jina. "Imesema" mara nyingi ni serikali, wizara, kamati, idara, Ikulu, taarifa. "Limesema" ni baraza, shirika, jeshi, kanisa. "Kimesema" ni chama au chuo. "Umesema" ni umoja, ubalozi, uongozi, mkutano, japo hii angalia sana maana ni "wewe umesema" pia na kwenye barua na mahojiano zipo tele. "Zimesema" na "zasema" ni habari, duru. "Yamesema" ni magazeti, mataifa, mashirika. "Vimesema" ni vyombo au vyama.

Sasa chukua hizo uziweke kwenye miaka. Kwenye Tanzania Bara ya chama kimoja, TANU na baadaye CCM iliyozaliwa 5 Februari 1977, chama ni kimoja tu, kwa hiyo tegemea "Chama kimesema" kwa umoja na Chama kikiwa na herufi kubwa, hakuna haja ya kutaja jina kwa sababu kila msomaji anajua ni kipi. Sheria ya vyama vingi ilipoanza Julai 1992 hapo angalia kama "vyama vimesema" inaingia, na kama "Chama" inaanza kutajwa jina lake kamili. Kenya fanya hivyohivyo kabla na baada ya Desemba 1991, pale kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipoondolewa kwenye katiba. Ni herufi mbili tatu tu mbele ya kitenzi ila zinabeba siasa nzima.

Kitu kingine, hiyo "a" haina mume wala mke. "Alisema" haikwambii kama ni mwanamke au mwanaume, inabidi utazame cheo, Bibi, Bi., Mama, Bwana. Ukitaka kujua magazeti ya miaka ya 1950 yaliwapa wanawake nafasi gani ya kusema, sachi vyeo hivyo halafu uone mbele yake kuna "alisema" au kuna "alihudhuria" tu. Bibi Titi Mohamed alikuwa anahutubia mikutano ya TANU enzi hizo, anza na yeye, angalia gazeti gani linamnukuu na lipi linataja tu kwamba alikuwepo.

Na vyeo vyenyewe viandike. Bwana Gavana wa enzi za Waingereza, Ndugu iliyoshamiri Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mtukufu Rais ya Kenya ya Moi, Mheshimiwa. Cheo na sema vinatembea pamoja.

5. Halafu kiambishi cha wakati

Hapa kuna vinne vya kuangalia.

"Akasema" ni ya masimulizi. Mtu akasimama, akatazama watu, akasema. Ukikuta habari imejengwa hivyo ujue mwandishi anasimulia mkutano kwa mpangilio ulivyotokea, tangu kufika mgeni mpaka watu kutawanyika, na lile neno kubwa la siku unaweza kulikuta katikati au mwisho kabisa. Habari za siku hizi zinaanza na neno kubwa kwanza. Kwa hiyo uwiano wa "akasema" na "alisema" unakuonyesha ni lini gazeti lako liliacha kusimulia likaanza kuripoti. Hesabu hizo mbili kwa kila mwaka uliouchagua.

"Asema", ile "a" fupi ya wakati uliopo, ni mtego. Ndani ya habari za zamani "watu wasema" au "habari zasema" ni kauli ya kawaida ya sasa, ndivyo watu walivyoandika. Siku hizi umbo hilo limebaki zaidi kwenye vichwa vya habari, "Waziri asema mvua zimeharibu barabara", na hapo kitendo kimeshapita, ilikuwa jana. Kwa hiyo kwenye jedwali tenganisha kichwa cha habari na habari yenyewe, la sivyo utatangaza kwamba umbo hilo halijapungua wakati limehama nyumba tu.

"Amesema" na "alisema" zinagawana kazi. Kwa kawaida aya ya kwanza ina "amesema" na zinazofuata zina "alisema", na habari za mtandaoni zinaendelea na "amesema" mpaka mwisho. Angalia mgawanyo huo unaonekana lini kwenye gazeti lako. Na kuna "kasema" ya mazungumzo, ukiikuta ndani ya alama za kunukuu ni mtu anaongea kama anavyoongea nyumbani, ukiikuta nje ya nukuu mwandishi mwenyewe kajiachia, iandike pembeni.

6. "Hayo yamesemwa na..."

Hii inastahili sehemu yake. Kila aliyesoma magazeti ya Tanzania anaijua. Aya ya kwanza inakwambia kitu kama ukweli uliothibitishwa, mfano wa kutunga: "Wananchi wa kata hii wametakiwa kupanda miti ili kulinda vyanzo vya maji." Aya ya pili ndo inakuja: "Hayo yamesemwa jana na Mkuu wa Wilaya wakati akifungua semina ya siku mbili."

Ona kilichotokea. Kauli imekaa mbele bila mwenyewe, msomaji kaimeza, halafu mwenyewe anatokea nyuma akiwa kwenye kauli ya kutendwa. Pia "yamesemwa" imekaa na "jana", mchanganyiko ambao baadhi ya wahariri wanaupinga, wanataka "yalisemwa jana". Mi naona huu mtindo una madhara ya kweli kwa msomaji kwa sababu unampa amri ya kiongozi kama vile ni hali ya dunia. Kwa hiyo ukiupata usihesabu tu, andika aya iliyotangulia nzima, na ujiulize kama ile kauli ilikuwa taarifa, agizo, au ahadi. Halafu tafuta ndugu zake: "imeelezwa kuwa", "imebainishwa", "alisema hayo alipokuwa akihutubia". Hii ya mwisho ni tofauti kidogo, mwenyewe keshatajwa juu.

7. Yanayofuata baada ya sema

Hapa nenda haraka kidogo. Magazeti ya zamani yanapenda "ya kuwa" na "ya kwamba", baadaye zinabaki "kuwa" na "kwamba" zenyewe. Hesabu zote nne. Tahadhari na "kuwa", mara nyingine ni kitenzi chenyewe, "alisema kuwa mwalimu ni wito" hapo unaweza kuisoma mara mbili na zote zikaleta maana. Angalia pia "hivi" ikifuatiwa na nukta mbili, hiyo inaleta maneno ya mtu mwenyewe. Ikifuata "eti" au "ati" mwandishi anakwambia haamini.

Na "kusema na" inayomaanisha kuongea na mtu. "Bwana Gavana alisema na wazee" hakuna kauli iliyoripotiwa hapo, ni mazungumzo yametajwa. Iweke kundi lake.

8. Inasemekana

"Yasemekana", "inasemekana", "ilisemekana". Msemaji kafutwa kabisa. Maswali ni mawili: habari ya aina gani inapewa kinga hii, na je kuna njia nyingine gazeti linatumia kuficha mtu. Kwenye magazeti ya karibuni utakutana na "duru za kuaminika zasema" hasa upande wa Kenya, na "alisema shuhuda huyo ambaye hakutaka jina lake litajwe gazetini" upande wa Tanzania. Hii ya mwisho naiheshimu zaidi, maana angalau kuna mtu, kasimama mahali, kaongea, kaogopa. "Inasemekana" haina mtu.

9. Usisahau ambao hawakusema

Watu wengi wanaishia kwenye kauli zilizotolewa. Rudi kwenye jedwali lako uchuje "hakusema", "hawakusema", "haikusema", "alikataa kusema lolote". Kila ukiona "taarifa hiyo haikusema ni watu wangapi walioumia", mwandishi kafungua mlango kidogo, kakuonyesha kwamba swali lilikuwepo na jibu halikuja. Linganisha gazeti la serikali na gazeti la mtu binafsi kwa mwaka uleule na tukio lilelile. Ukikuta moja lina "haikusema" na lingine halina, soma habari zote mbili taratibu mstari kwa mstari, hapo utapata kitu cha kuandika.

10. Angalia umbo linalobadili maana

"Alimsema" sio "alisema". Ukiweka kiambishi cha mtendwa katikati inakuwa kumsengenya au kumkaripia, na ukikuta "wamsema" kwenye kichwa cha habari ujue kuna ugomvi. "Kuwasemea wananchi" ni kuongea kwa niaba yao, hii inapenda kukaa na wabunge na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. "Msemaji" nayo ifuatilie peke yake, kuna msemaji ambaye ni mtu wa maneno mengi au aliyesimama kuzungumza kwenye mkutano, na kuna msemaji ambaye ni cheo, Msemaji wa Ikulu, msemaji wa jeshi, msemaji wa klabu ya mpira. Tafuta katika gazeti lako mahali pa kwanza ambapo "msemaji wa" inafuatiwa na ofisi badala ya kikundi cha watu.

11. Weka washindani wake pembeni

Sema haiko peke yake. Eleza, ambia, tamka, taja, dai, onya, sisitiza, fafanua, bainisha, ongeza. Chukua matoleo yaleyale uliyoyatumia uhesabu na hizi. "Alidai" inakwambia mwandishi kajitenga na kauli, "alifafanua" inakwambia kakubali kwamba msemaji anajua, na ukipanga orodha ya nani "anadai" na nani "anafafanua" ndani ya gazeti moja utaona upendeleo ambao hata mhariri mwenyewe labda hakuukusudia. Mkulima anadai, afisa anafafanua. Kama ndivyo ilivyo kwenye gazeti lako, ionyeshe kwa sentensi zenyewe.

Ukiandika matokeo, kila mfano uwe na jina la gazeti, tarehe na ukurasa, na maandishi uyaache kama yalivyochapwa, hata kama tahajia inakukera, hata kama neno limeandikwa mbalimbali pale ambapo siku hizi tunaliunganisha. Usirekebishe chochote ndani ya nukuu. Mtu mwingine atakuja na swali lake kuhusu hizohizo nafasi na hizohizo herufi, na atahitaji kuzikuta mahali pake.